Vipande Sita Kwenye Beseni

Jumapili, 3 Machi

Dada yangu mpenzi,

…na hilo la kikombe kimoja sikulimaliza, maana karatasi iliisha na mume wangu alikuwa amesimama mlangoni akisubiri kuipeleka barua posta. Basi ni hivi: vikombe vya harusi tunavyo sita, vimejipanga kabatini vinang'aa, na bado kila asubuhi tunakunywa chai kwenye kimoja. Anapiga funda, anakigeuza mpaka pale nilipogusa mimi, anapiga jingine. Cheka utakavyo. Wiki saba zimepita na moyo bado unaniruka nikisikia viatu vyake kibarazani, vile vizito vya kazini. Ndivyo vilivyompatia jina la Kifaru, wala si shingo kama unavyodai wewe.

Dada, jukwaa limekwisha! Lile lile ulilolikuta limefungwa mbao kila upande ulipokuja harusini. Sasa lina safu kumi na mbili za zege, viti mia sita vya buluu, na chini yake vyumba viwili vya kubadilishia nguo. Unakumbuka zamani wachezaji walivyokuwa wakivaa nyuma ya lori, mmoja ameshika shuka, mwingine anachungulia? Yameisha. Na kila kiti kina mwenyewe aliyekinunua ili klabu ipate kujenga. Mama mshonaji amenunua namba kumi na nne ya safu ya nne kwa ajili ya marehemu mumewe, ambaye kwa miaka ishirini alitazama raga akiwa wima, akisema akikaa tu timu inashindwa. Nilimuuliza, "Sasa mama, si utamkalisha kwa nguvu?" Akasema, "Acha apumzike. Walishindwa hata alipokuwa wima."

Yule mwenye ghala la mbao amesema hivi mbele ya kamati: jukwaa likifunguliwa kabla mwezi huu haujaisha, atalipia taa za uwanja na vyumba vya timu ya wanawake, na kazi yote atapewa Kifaru. Miaka miwili ya kazi, dada, dakika kumi kutoka mlangoni kwangu! Lisipofunguliwa, fedha atapeleka kwenye uwanja wa mpira wa miguu, na mume wangu atarudi kule kwenye kambi ya barabara, aje nyumbani mara mbili kwa mwaka kama mgeni. Mimi sikuolewa na picha ukutani. Mechi ya ufunguzi ni Jumamosi tarehe 30.

Wale watoto wetu sita unawakumbuka? Nasema vile vipande vya zege, mraba, kila kimoja kizito kama mtoto wa miezi minane, ambavyo Kifaru alivitengeneza siku ya kumwaga jukwaa ili wewe uvipime. Vililala kwenye lile beseni kubwa uliloniletea zawadi, ndani ya maji, wiki nne nzima, na mimi mwenye beseni naoga kwa ndoo! Mama mkwe alisema, "Ndoa changa namna hii, na watoto sita tayari." Halafu Kifaru akakuletea, nawe ukawavunja kwa mashine yako ya maabara bila huruma, ukatuma cheti chenye mhuri kwamba zege ni imara. Siku ile ile wachezaji walikuja wakaing'oa mirunda yote iliyokuwa imelishikilia jukwaa kwa chini, wakiimba. Jukwaa likasimama lenyewe. Mume wangu alilia, dada. Ameniruhusu nikwambie.

Juzi wifi yangu ameurudisha ule mpira wa maji wa klabu, mrefu wa kijani, tuliouazima kwa ajili ya harusi. Ulikuwa umelala stoo kwake tangu siku ile, pamoja na masufuria mawili ya watu. Tumecheka!

Mdogo wako, mke wa mtu,
Kitinda Mimba

*

Alhamisi, 7 Machi

Mdogo wangu,

Nimefurahi kwa habari ya kikombe. Vile vitano vifunike, visije vikashika vumbi.

Nina swali moja, na nataka unijibu wewe mwenyewe. Usimpe mumeo anijibie, kwa sababu fundi ukimuuliza habari ya kazi yake atakwambia "usijali", na mimi nakula mshahara kwa kujali.

Zege la jukwaa lilimwagwa Alhamisi. Harusi yenu ilikuwa Jumamosi. Jumapili mlisafiri fungate, mkakaa siku tisa. Mpira wa maji ulikuwa harusini. Najua, maana mimi mwenyewe nilikoshea nao masufuria. Kisha ukaenda kulala stoo kwa wifi yako. Sasa, siku hizo tisa, na jua lilivyokuwa, jukwaa lilimwagiliwa na nani, na kwa kitu gani?

Jibu upesi. Barua zetu zinachukua siku tatu kwa kawaida, na posta wakiamua kulala zinachukua nne. Nimejaribu simu ya klabu mara mbili, haiiti.

Dada yako

*

Jumatatu, 11 Machi

Dada yangu,

Wewe na maswali yako! Hata siku ya posa ulimuuliza Kifaru kama meno ni yake. Simu haiiti kwa sababu katapila lilikata waya lilipokuwa linachimba msingi, na watu wa simu wanasema "wiki ijayo" tangu mwaka jana.

Haya, nimekuchunguzia. Nilimwendea Mzee Nyasi, mtunza uwanja, nikamkuta anachora mistari ya chokaa. Nikamuuliza, "Mzee wangu, wiki ile ya harusi, jukwaa ulilinywesha maji?" Akashika kiuno. "Bibi harusi, bwana aliniachia kazi hiyo kweli. Mpira sikuuona. Nikapandisha ndoo mbili siku ya kwanza, ya pili mgongo ukakataa. Nikajiuliza, hivi zege si hukaushwa na jua? Na jua lilikuwepo la kutosha, tena la bure." Halafu akaniomba nisimwambie Kifaru, maana atamla nyama na mifupa. Nikamwahidi. Ana miaka sitini na tatu, dada, ningefanyaje?

Kwa hiyo jibu ni kwamba halikumwagiliwa, na limesimama kama mlima. Umeridhika?

Kila asubuhi nalifagia mwenyewe, kwa mapenzi tu, hakuna aliyenituma. Kuna vumbi jeupe laini kama unga. Nafagia leo, kesho lipo tena. Kifaru akirudi limemkaa kwenye nyusi, anaonekana kama babu, nami naona nitakavyompenda akizeeka. Namfuta kwa kanga yangu, ananibusu, tunatiana unga wote wawili.

Safu ya nne kuna kamstari kembamba kama unywele, kanatoka ukutani mpaka kiti cha mama mshonaji. Nilimwonyesha mume wangu. Nikamwambia, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Akasema, "Methali hiyo ilitungwa na fundi aliyekosa kazi." Akauziba kwa kidole, akaniambia zege nalo huvuta pumzi. Je, hujaona anavyoongea? Mtu wa zege, lakini maneno yake ni ya mshairi.

Wanafunzi arobaini wa shule ya msingi wamepewa safu ya tano na ya sita bure. Wanafanya mazoezi ya kushangilia kwa kuruka.

Wako,
Kitinda Mimba

*

Alhamisi, 14 Machi

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Barua yako imefika sasa hivi. Naijibu nikiwa bado nimesimama. Kaa chini, uisome yote, usiruke mstari.

Zege halikaushwi. Zege hunywa. Wiki ya kwanza ndiyo utoto wake, na ndani ya siku hizo ndipo linapopata nguvu litakayoishi nayo. Likinyimwa maji, tena juani, linaacha kukua, na kwa nje hutajua. Litakuwa gumu ukiligonga, litakuwa zuri likipakwa rangi. Vile vipande sita vya kupimia vilitakiwa vilale pale pale jukwaani, vipate jua lile lile na kiu ile ile. Hapo vingenieleza ukweli. Lakini vyenyewe vililala kwenye beseni langu, wiki nne, vimeshiba maji. Nilipima watoto walioshiba, nikatia sahihi kwamba ndugu yao aliyeshinda na njaa ni mzima.

Na kosa ni langu pia. Kwenye fomu kuna mahali pameandikwa "vilihifadhiwa wapi". Mumeo aliandika "kwenye maji". Angekuwa fundi mwingine ningemuuliza, maji ya wapi, na jukwaa lenyewe je? Sikumuuliza kwa sababu ni shemeji yangu, na kwa sababu alivileta vimefungwa kwenye taulo la harusi, nikacheka. Nimevunja maelfu ya vipande na sijawahi kucheka kabla ya kupima.

Vumbi hilo si la kutiana nyusoni. Ni uso wa zege unaobomoka. Na huo ufa hauvuti pumzi.

Fanya hivi. Mpe mumeo barua hii leo, mkononi. Si mjinga, ataelewa kabla ya kufika mwisho. Mirunda irudishwe chini ya safu zote. Asipande mtu, wala wanafunzi, wala wewe na ufagio wako. Jukwaa likifungwa sasa linaweza kuongezewa nguzo, likapona. Likijaa watu mia sita wanaoruka, sijui. Na mimi nisiposema najua, mdogo wangu, ujue naogopa.

Ningekuja kesho. Lakini nina vipande vya daraja ambavyo siku yao ya kuvunjwa ni tarehe 26. Siku hiyo haisogezwi mbele wala nyuma, na mwenzangu wa mashine amejifungua. Tarehe 27 nitapanda basi la kwanza. Mechi ni tarehe 30, kwa hiyo siku zipo. Nitamwandikia pia mwenyekiti, rasmi.

Najua kambi ya barabara ni nini kwako. Lakini mume aliye mbali hurudi.

Dada yako

*

Jumatatu, 18 Machi

Dada,

Barua yako ilifika jana asubuhi kwa mkono wa karani wa posta, jirani yetu, tukiwa mezani. Kifaru aliniuliza, "Dada anasemaje?" Nikasema unatusalimia sana. Ni mara ya kwanza kumdanganya. Kikombe nikakirudisha kwake bila kukigeuza.

Umenivunja moyo. Umekaa na mashine hiyo miaka kumi na moja, imekufundisha kwamba kila kitu kimeumbwa ili kivunjwe. Mtu akikwambia ana furaha, unaiweka katikati ya vyuma viwili, unakaza, unasubiri sauti.

Juzi wachezaji thelathini walipanda wakapigwa picha, wakaruka wote kwa pamoja, hesabu moja, mbili, tatu. Halikutikisika! Vumbi tu lilishuka kidogo chini, kwenye vyumba. Mlango wa chumba cha timu ya wageni umeanza kubana juu, inabidi kuusukuma kwa bega, lakini Kifaru anasema mbao hizo hazikukauka vizuri. Ule ufa sasa unapitisha ukucha. Nimeupima mwenyewe. Ukucha tu, dada, tena wa kidole kidogo.

Unajua alichoniambia usiku wa harusi? Kwamba kule kambini alikuwa anaweka sahani mbili mezani, anaongea na ile tupu. Mtu mzima, shingo ile. Nami nimpelekee karatasi ya kumrudisha kwenye sahani zile?

Tarehe 27 njoo, ulipime kwa vyombo vyako, kimya kimya, sisi watatu. Ukiona baya nitasema mwenyewe. Nakuahidi. Mpaka hapo niachie siku zangu.

Kitinda Mimba

*

Jumatatu, 18 Machi

Mdogo wangu,

Sijapata jibu lako na najua haliwezi kuwa limefika, lakini nimeshindwa kungoja. Leo nimeituma barua rasmi kwa mwenyekiti wa klabu, bahasha ya kaki, ina mhuri wa maabara. Nimekifuta cheti changu. Nimeandika wazi kwamba jukwaa lifungwe hadi nilikague. Bosi wangu ameweka sahihi baada ya kuniuliza kama najua maana yake kwangu. Nikamwambia najua.

Mwambie mumeo kabla mwenyekiti hajamwita. Asiisikie kwa mtu mwingine, ni aibu ambayo unaweza kumwepushia.

Nakupenda. Sisemi mara nyingi kwa sababu wewe unasema kwa niaba yetu sote.

Dada yako

*

Ijumaa, 22 Machi

Dada yangu mpenzi,

Barua zako mbili zilifika jana pamoja, yangu na ya kaki. Nakuandikia upesi kabla posta haijafungwa, na najua hii itakufikia Jumatatu au Jumanne. Ndiyo maana naweza kukwambia yote.

Jumatano kamati ilisogeza mechi. Timu ya wageni ina safari tarehe 30, kwa hiyo ufunguzi ni kesho, tarehe 23, saa tisa. Mwenye ghala la mbao ameshaleta nguzo mbili za taa zimelala pembeni ya uwanja, ndefu kama twiga. Mkataba wa Kifaru utasainiwa hapo hapo, mapumziko, mbele ya watu.

Nilijaribu, dada. Nataka uamini. Jana mchana niliuchukua ule mpira wa kijani, nikaufunga bombani, nikalinywesha jukwaa safu kwa safu, kumi na mbili zote. Maji yalinywewa na ule ufa, yakaingia yakinong'ona, nikasikia yanadondoka chini vyumbani. Kifaru akatoka kule chini, kichwa kimelowa, anacheka mpaka anashika magoti. "Mke wangu, hili limeshaota meno, halinyonyi tena! Nani kakutuma?" Nikamwambia hakuna, nimeona tu lina kiu.

Akaacha kucheka. Akautazama mpira. Akautazama ufa, akaingiza kidole, na kidole kikaingia, dada. Akakitoa, bado amechuchumaa. Nilitaka kusema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Kisha akainuka, akaleta kopo la rangi ya buluu iliyobaki kwenye viti, akaufuata ufa kwa brashi kutoka ukutani mpaka kwa mama mshonaji, polepole, kama mtu anayempaka mtoto dawa. Akasema, "Jumatatu nitarudisha mirunda michache hapa chini. Kwa usalama tu. Kesho watu wafurahi." Akaniomba nisimwambie mtu. Nami nikamwahidi, kama nilivyomwahidi Mzee Nyasi. Kila mtu ananiachia siri, sijui wananionaje.

Bahasha ya kaki ninayo mimi. Ufunguo wa sanduku la barua za klabu unakaa kwetu, kwenye msumari karibu na kioo. Niliitoa, nikaishika, nikavaa viatu kwenda kwa mwenyekiti. Nikafika hadi kwenye geti lake. Mkewe alikuwa uani anapiga pasi suti yake ya kesho, akaniita, "Karibu, bibi harusi wetu! Leo unang'aa kweli." Nikamwambia nilikuwa napita tu. Sasa imelala kwenye beseni lako, chini ya shuka safi. Jumatatu nitampa. Mirunda itakuwa imerudi, mkataba utakuwa umesainiwa, nawe utakuja tarehe 27 kama ulivyosema na vyombo vyako, tutalipa nguzo zote unazotaka. Ni siku moja tu, dada. Dakika themanini na mapumziko.

Nimefanya jambo moja. Mama mshonaji nimebadilishana naye kiti. Nimemwambia kule safu ya kwanza ataona vizuri zaidi, akakubali, akanibusu mkono. Mimi nitakaa namba kumi na nne, juu ya ufa kabisa, nimevaa viatu vyembamba vya harusi. Ufa ukisogea hata kidogo nitausikia kwa nyayo, nitapiga kelele kabla ya mtu yeyote. Nyuma yangu watakuwa wale wanafunzi arobaini. Kifaru atakuwa chini na timu, chumba cha wageni, kwa sababu mlango sasa haufunguki bila nguvu na anataka ausukume kwa bega wachezaji watoke. Nimempima kwa hatua: yupo chini yangu sawasawa. Mimi juu, yeye chini, na katikati yetu zege lake tu. Nilimwambia hivyo asubuhi tukinywa chai, akakigeuza kikombe.

Usinikasirikie. Ukikasirika utakuja na ile sura ya mashine. Afadhali usije wewe, tuje sisi. Nimemwapisha Kifaru: Jumatatu mirunda, Jumatano basi, na kabla mwezi haujaisha tutakuwa mlangoni kwako, wote wawili. Tandika kitanda kimoja, na kikombe weka kimoja.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda Mimba